Mkaja wa Saa ya Kuzamia

Napenda saa za bei mbaya. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi, mbele ya mume wangu, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja mbele ya wasomaji wa gazeti, nilipoandika makala nzima kuwacheka wanaume wanaotembea na thamani ya nyumba kwenye kifundo cha mkono. Makala ile ilisifiwa. Watu walinipongeza kwa kuwa mwanamke asiye na makuu. Hawakujua kwamba vipimo vya saa hizo nilivijua kwa moyo, na tofauti ya mkanda wa chuma na wa mpira niliijua, kwa sababu kila jioni nilikuwa nikijifungia chumbani na simu, nikimwambia mume wangu kwamba nasahihisha insha.

Wala si saa zozote. Za dhahabu sizitaki, zinanikumbusha watu wanaokopa ili waonekane harusini. Ninazozipenda ni saa za kuzamia: nzito, za chuma, zenye pete ya nje inayozunguka na mishale inayong'aa gizani. Mimi huyu, mzaliwa wa Lindi, mkazi wa Kilwa Masoko, ambaye maji ya bahari hayajawahi kunivuka magoti.

Ugonjwa huu niliupata nikiwa msichana. Jirani yetu pale Lindi alikuwa mganga wa mifugo, mtu wa bara, na kila Jumapili aliosha gari lake mbele ya nyumba. Alipoosha hakuvua saa. Mkono ulizama kwenye ndoo ya mapovu hadi kiwiko, ukatoka na kitambaa, ukazama tena, na saa ikaendelea na kazi yake kama vile hakuna lililotokea. Nyumbani kwetu saa ya baba ilivuliwa hata akitaka kutawadha, ikafungwa kwenye leso, ikawekwa juu ya kabati kama yai. Nilisimama kwenye ua wetu nikimtazama yule bwana mpaka mama akaniuliza kama nataka kuolewa na gari.

Sasa nije kwenye mkaja.

Mwaka jana binti yangu alikuja kutoka Dar es Salaam kwa likizo, akakaa jikoni akaanza kunimenyea viazi bila kuombwa. Mtoto wa kike aliyesoma akimenya viazi bila kuombwa, kuna posa njiani. Dada yangu mkubwa, ambaye amekuwa akiishi nasi tangu afiwe na mumewe, alikuwa pembeni anapepeta mchele.

"Wa wapi?" nikamuuliza binti yangu.

"Kivinje."

"Anafanya kazi gani?"

"Anazamia."

Dada akasimamisha ungo. "Anazamia meli? Anakwenda wapi?"

"Anazamia chini ya bahari, mama mkubwa. Ana vyeti. Wanaunga mabomba huko Ghuba."

"Mabomba chini ya bahari," dada akasema. "Na nani anaoga huko?"

Tulicheka sote. Lakini viazi vilipoiva sikuvionja. Na kwa kijana mwenyewe sikuwa na neno. Ukoo wake ulijulikana, na binti yangu alikuwa akimtaja kwa sauti ambayo mama haishindi. Neno langu lilikuwa juu ya kazi yake. Nimekulia kwenye pwani ambako wanawake huisubiri bahari ikupwe ndipo washuke kuokota chaza, na ikianza kujaa wanapandisha kanga na kurudi nyumbani. Sikuwahi kufikiri kwamba nitamwoza mwanangu kwa mtu anayetafuta riziki mahali pasipo na hewa.

Sikusema. Nimesoma chuo kikuu. Nimefundishwa kutoamini hofu isiyo na hoja. Nikaikunja nikaiweka.

Barua ya posa ilikuja na mshenga, mzee mmoja wa Kivinje aliyewahi kuwa karani bandarini, mwenye kofia safi na adabu ya zamani. Kwetu, posa ikishajibiwa, wakwe hawasemezani moja kwa moja mpaka nikahi ipite. Kila neno hupita kwa mshenga, na mshenga haongezi wala hapunguzi. Tulizungumza mahari, yakaisha vizuri. Kikafuata kilemba, ile heshima ya baba wa bibi harusi. Mume wangu alisema, "Mtakachojaaliwa," kabla chai yake haijapoa, na kwa upande wake shughuli ikawa imekwisha.

Mshenga akanigeukia mimi. "Shikamoo" zilikuwa zimeshapita, kwa hiyo akaingia kwenye maneno. "Mwanangu, umebaki mkaja wako. Kijana ameniagiza nikuulize wewe mwenyewe unapenda nini. Hataki kukuletea kitu ukakiweka sandukuni."

Mkaja ni haki ya mama. Asili yake ni kile kitambaa ambacho mzazi hufungwa tumboni akishajifungua, nasi tumekigeuza zawadi ya kumshukuru kwa kubeba mimba. Mwanamke wa umri wangu akiulizwa anataka mkaja gani, jibu ni moja: chochote. Jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni tayari. Kilichotoka ni kitu kingine.

"Saa," nikasema.

"Ya ukutani?"

"Ya mkono. Ya kuzamia."

Mzee alimtazama mume wangu. Mume wangu aliitazama chai. Nyuma ya pazia dada alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa na maneno mengi.

"Mkaja hufungwa kiunoni," aliniambia wageni walipoondoka. "Hiyo saa utaifunga wapi?"

"Mkononi, dada."

"Kwani mimba uliibeba mkononi?"

"Mtoto nilimbeba mkononi."

"Haya," akasema. "Msomi ana majibu."

Nilidhani kijana atacheka na kuniletea saa ya kawaida. Hakucheka. Mzamiaji kaambiwa mkwe wake anataka saa ya kuzamia. Nadhani aliona amepata mama. Baada ya siku chache mshenga alirudi na picha mbili kwenye simu yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Mwenye duka huko Ghuba alikuwa amemwekea kijana saa mbili, achukue moja. Nichague.

Nilizijua zote mbili kabla mzee hajazikuza. Nilijua hata miaka gani zilibadilishwa vioo.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi. Uso mweusi, pete nyeusi, alama nyeupe nene, basi. Haina maringo hata kidogo, na ndiyo maringo yake. Ilikuwa kama imamu asiyehitaji kipaza sauti. Ya pili ilikuwa ya buluu, na kwenye uso wake kulikuwa kumechongwa mawimbi madogo madogo, na ubavuni, mbali na kile kichwa cha kutilia ufunguo, ilikuwa na kijifuniko kingine cha kutolea gesi, kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye kina kwa siku nyingi. Ilikuwa nene zaidi. Ufa wa simu ya mzee ulipita juu yake, na kwa wiki nzima nilikuwa naionea huruma.

"Nipe muda, mzee," nikamwambia. "Natazama."

Nilitazama kweli. Kwenye simu nilisikiliza wanaume wa Ulaya wenye kucha safi wakizungumzia mkanda wa chuma kama watu wanaozungumzia wake zao waliokufa. Nilikata maboksi ya dawa ya meno nikatengeneza saa mbili za karatasi kwa vipimo vyenyewe, nikazipaka rangi, nikazivaa kwa zamu ili nione ipi inaukaa mkono. Nyeusi iliingia kwenye mchuzi wa pweza. Ya buluu niliivaa sokoni, na muuza dagaa akaniuliza saa ngapi. Nikaitazama. Nikamwambia sina uhakika.

Mshenga alikuja tena. "Tumefikia wapi, mwanangu?"

"Bado natazama, mzee."

"Inshallah," akasema, akalibeba neno hilo mpaka Kivinje kama lilivyo.

Siku ya pili yake kikaja kikapu cha changu wa kukaanga, salamu kutoka kwa mama wa kijana. Nikasema ni watu wakarimu. Mzee akaja tena, nikamwambia nyeusi inasomeka vizuri zaidi lakini ya buluu ina kile kijifuniko, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba ya kigeni. Zikaja doti za kanga. Nikamwambia kwa mara nyingine kwamba bado. Akaja mbuzi. Alikuja kwa bajaji, amekaa kiti cha abiria na kijana mmoja amemshika pembe, na walipomshusha alitembea moja kwa moja hadi kwenye mpapai wangu mdogo akaanza kuula.

"Watu wa Kivinje wana moyo," nikasema.

Dada alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, hakusema kitu. Kama ningekuwa na akili ningeogopa kimya kile.

Binti yangu hakuwa na kimya. Kijana wake alikuwa anamaliza mkataba Shaaban, na walitaka kufunga ndoa kabla ya mfungo, wafuturu Ramadhani yao ya kwanza nyumba moja. Lakini mkaja usipotajwa mazungumzo hayafungwi, na yasipofungwa siku haipangwi. Kila alipopiga simu kutoka Dar aliuliza habari za saa kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Mwisho alipanda basi akaja mwenyewe.

"Mama, chagua tu."

"Hii si sufuria, mwanangu."

"Zote nzuri. Wewe mwenyewe umesema."

"Ndiyo shida yake."

Alinitazama kwa muda. Ana macho ya baba yake, hayana haraka. "Mama, ukishachagua inapangwa siku," akasema. "Usipochagua haipangwi." Kisha akaenda kumhamisha mbuzi, aniache na hilo.

Nilikaa nalo. Nilizitafuta saa zile kwenye simu yangu nikazitazama upya, na safari hii sikutazama uzuri. Ile pete ya nje inazunguka upande mmoja tu, na nilijua kwa nini. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa raha nikinywa chai ya tangawizi. Mzamiaji huitega kabla hajashuka, imwonyeshe muda aliokwisha kuutumia. Ikigongwa kwa bahati mbaya huko chini, haiwezi kumpa muda zaidi, inaweza kumpunguzia tu, apande mapema. Ikikosea, inakosea upande wa uhai. Mishale inang'aa kwa sababu huko chini hakuna mwanga. Kijifuniko kipo kwa sababu gesi wanayoivuta watu wa kina huingia hata ndani ya chuma. Kila kilichonipendeza kwenye saa zile kilikuwa jibu la swali moja, na swali lenyewe ni mtu hufaje huko chini. Miaka yote nilikuwa napenda majibu bila kuuliza. Sasa aliyekuwa akishuka alikuwa na jina nyumbani kwangu, na mimi nilikuwa nikimchelewesha kwa rangi mbili, nikitumaini, nadhani, kwamba nikichelewa vya kutosha ataibuka na kazi ya benki.

Ningechagua siku ile. Naamini hivyo. Lakini mshenga aliniwahi, na safari hii alikataa chai.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kuomba mtustahimilie. Kijana ameona kwamba zile mbili hazijakufikia hadhi. Hakulaumu. Mama ni mama. Ametokea mtu ana kazi nyingine huko huko, ya kina zaidi, na malipo yake si ya mchezo. Ataichukua. Atarudi baada ya Idi, na atakuletea iliyo bora kuliko hizo."

Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Halikuanguka, lakini vikombe vilisikika.

"Nani kasema hazijanifikia, mzee?"

"Hukusema, mwanangu. Ndiyo maana."

Nilielewa yote kwa mara moja, na changu na kanga na mbuzi. Kwa desturi yetu mama wa bibi harusi hasemi kwamba zawadi ni ndogo, ni aibu. Hunyamaza, husema bado natazama, na upande wa pili huelewa na kuongeza. Desturi hiyo naijua vizuri. Niliwahi kuiandika, nikasema imekwisha, vijana wa siku hizi hawaitambui tena. Ushahidi kwamba haijakwisha ulikuwa umefungwa uani kwangu, umeumaliza mpapai.

"Mzee," nikasema, "mwambie asiichukue."

"Nitamwambia."

"Mwambie leo."

"Nitamwambia jioni, akitoka kazini. Lakini nisikufiche. Akilisikia kutoka kwangu atasema mama ni mtu wa adabu, anakataa kwa mdomo tu. Ataichukua." Alisimama, akavaa viatu vyake. Adhana ya alasiri ilikuwa inasikika. "Ngoja niswali, tutazungumza nikirudi. Karatasi anatia saini baada ya alasiri hii hii."

Alipotoka tulibaki wanawake watatu tumesimama. Mimi niliyeogopa kina, ndiye niliyekuwa nikimsukuma kijana kwenye kina kikubwa zaidi, kwa kunyamaza tu. Nilimwomba binti yangu namba ya kijana.

"Mama, mkwe hampigii mkwe. Bado nikahi."

"Najua."

"Watasema."

"Mpe," dada akasema. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na hakuinua macho. "Apige. Mimi sikuwepo." Na hakuondoka mkekani hata hatua moja, kwa sababu hakuwa tayari kukosa neno hata moja la simu ambayo hakuwepo.

Binti yangu akapiga kwa simu yake, akanipa. Iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa kulikuwa na upepo, na mashine kubwa ikinguruma mahali fulani.

"Halo, kipenzi," ikasema sauti.

"Si kipenzi," nikasema. "Ni mama yake."

Upepo ukabaki peke yake. Dada alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyesimama wima.

"Marahaba, mwanangu. Umetia saini?"

"Saini ya..."

"Ya kazi ya kina."

"Bado, mama. Wananisubiri ofisini."

"Usitie."

"Mama, usijali kabisa. Zile saa nilizichagua haraka, najua si..."

"Saa ni nzuri. Zote mbili. Hata mwenye duka hajui uzuri wake kama ninavyoujua mimi." Nikavuta pumzi. "Nilichelewa kwa sababu niliogopa."

"Ulimuogopa nani?"

"Kazi yako."

"Hata mama yangu anaogopa," akasema. "Yeye lakini hukasirika. Akikasirika mtu unajua pa kuanzia."

"Nikuulize. Ukiwa chini, unajuaje kwamba muda umekwisha? Unatazama saa?"

"Hapana, mama. Huko navaa glavu, saa hata sivai. Kuna mtu juu kwenye meli, kazi yake ni mimi tu. Ana saa yake, ana waya unaokuja mpaka kwenye kofia yangu. Akisema panda, napanda."

"Na wewe hubishani naye?"

"Habishwi, mama. Akisema panda hata kama nimebakiza nati moja, naiacha."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mfilipino, mtu mzima. Muda wote ananisimulia habari za watoto wake, mpaka nyingine nazijua kuliko yeye."

"Usije ukasinzia."

"Sisinzii."

Nilijikuta nimekaa. Mtu mzima, mwenye watoto, mwenye mdomo, anayehesabu muda wa kijana wangu. Sikuwa nimesoma mahali popote kwamba yupo. Kwenye saa hawamwandiki.

"Basi nyeusi," nikasema.

"Nyeusi, mama?"

"Nyeusi. Na ile kazi waambie una harusi. Uje Shaaban, kabla ya mfungo."

Mashine ile ikanguruma, na binti yangu akasogeza sikio karibu na simu.

"Nitakuja, mama," akasema. "Naenda kuwaambia sasa hivi." Kisha akashusha sauti, kana kwamba Kivinje nzima ilikuwa mlangoni pake. "Lakini mama, nina ombi. Mzee mshenga amehangaika sana na hili jambo. Asijue kwamba tumezungumza. Akirudi kutoka msikitini akikuuliza, mjibu kama ndiyo kwanza unachagua. Jioni ataniletea mimi jibu lako, nami nitashangaa."

"Shangaa kidogo tu," nikamwambia. "Yule mzee si mtoto." Nikampa binti yangu simu.